Kabla ya kumtafuta aliyemroga mzee anayetetemeka, tuhesabu wagonjwa

Ami yangu huswali kitini, safu ya mwisho, karibu na mlango. Si uzee peke yake unaomkalisha. Mkono wake wa kulia hutetemeka anapoulaza juu ya paja, lakini akishika msahafu au kikombe cha kahawa hutulia kidogo. Ulianza na kidole gumba, miaka minne iliyopita. Sasa mguu umefuata, sauti imepungua, na uso wake, uliokuwa wa mtu wa mizaha, umekuwa kama wa mtu aliyenuna hata akiwa amefurahi.

Katika miaka hiyo minne nimesikia sababu chungu nzima. Shangazi anasema ni mkono wa mtu, kwa ajili ya kesi ya shamba. Jirani anasema ni jini wa baharini. Ami amekunywa makombe, amefukizwa, amevukishwa hadi ng'ambo ya kivuko kwa mganga mwenye sifa. Na karibuni mjukuu wake, aliye chuo kikuu, amekuja na lake: "Ni sumu hiyo, babu. Ni haya maji ya kisima." Barazani watu waliitikia mara moja, maana kila mtu ana kiwanda au jalala analolichukia.

Nakiri kwamba la mjukuu ndilo lililonivuta. Lakini nilipolitafakari nikaona kwamba, kwa jinsi tunavyolitumia, neno "sumu" halina tofauti kubwa na neno "jini". Yote mawili ni kitu kisichoonekana, kinachoshukiwa na kila mtu, na hakuna aliyewahi kukipima. Tofauti ni kwamba sumu, ukiamua, unaweza kuipima. Na kuna watu mahali pengine duniani walioamua.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Parkinson, kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika kijitabu chake cha mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, inayouwezesha mwili kwenda kwa ulaini. Seli hizo zikifa, mwendo unakuwa mzito, viungo vinakakamaa na mkono unatetemeka. Dalili hizo hujitokeza wakati sehemu kubwa ya seli imeshapotea. Kabla ya hapo, pengine kwa miaka mingi, mtu hupoteza uwezo wa kunusa, hufunga choo, hurusha mateke usingizini. Nilipomuuliza ami kuhusu harufu, mkewe ndiye aliyejibu: udi aliacha kuusikia zamani, hata kabla ya gumba kuanza.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba idadi yao imeongezeka maradufu katika miaka 25. Sehemu ya ongezeko hilo ni kwa sababu watu wanaishi zaidi, na wengine wamerithi hitilafu katika damu ya ukoo. Lakini wagonjwa wengi hawana ndugu mwenye maradhi hayo, ndiyo maana watafiti wamegeukia kile tunachokivuta, tunachokinywa na tunachokishika.

Kisa kilichofungua mlango huo kinahusu unga, na msomaji wa Pwani asidhani ni hadithi ya mbali. Mwaka 1982, kaskazini mwa California, vijana kadhaa walifikishwa hospitalini wakiwa wamekauka kama sanamu. Hawasemi, hawasogei, mate yanawatoka. Siku chache tu nyuma walikuwa wazima. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba wote walikuwa wamejidunga heroini bandia iliyopikwa kienyeji, na mpishi alikosea vipimo. Ndani yake kulikuwa na kemikali iitwayo MPTP. Wale vijana walipopewa levodopa, dawa ya wazee wenye Parkinson, wakaanza kusogea. Kitu kutoka nje ya mwili kilikuwa kimefanya kwa siku chache kazi ambayo kwa mzee huchukua miaka. Nikikumbuka vijana wetu wanaosinzia kwenye vichochoro vya Mombasa, Malindi na Lamu, na jinsi wauzaji wanavyochanganya unga na chochote kilichopo, kisa hicho hunikosesha raha.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuja baadaye. MPTP ikiingia mwilini hugeuka kuwa kemikali nyingine, na umbo la hiyo nyingine linafanana sana na la parakwati, dawa ya kuua magugu ambayo wakulima walikuwa wakiipuliza tangu miaka ya 1960. Hapo ndipo watafiti walipoanza kutazama mashamba.

California ina bonde kubwa la kilimo lenye miji kama Fresno na mashamba yasiyo na mwisho. Ina kitu kingine ambacho sisi hatuna: daftari. Tangu miaka ya 1970 serikali ya jimbo hilo imekuwa ikiandika dawa zinazopulizwa, na tangu 1990 kila mpulizaji wa shamba analazimika kutoa taarifa ya dawa gani, kiasi gani, siku gani na katika kipande gani cha ardhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakachukua daftari hilo na kuliweka juu ya ramani ya nyumba za wagonjwa na za watu wazima. Mwaka 2009 walitoa jibu: aliyeishi ndani ya mita 500 kutoka shamba lililopulizwa parakwati pamoja na dawa ya ukungu iitwayo manebu, hatari yake ya kupata Parkinson ilikuwa juu kwa asilimia 75. Huyo si mpulizaji. Ni jirani tu, mtu anayeanika nguo zake uani. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine wa Marekani ukaonyesha kwamba wapulizaji wenyewe waliotumia parakwati walikuwa na Parkinson mara mbili na nusu zaidi ya wasioitumia.

Hili si sawa na kusema parakwati imethibitishwa kuwa muuaji wa seli za ami yangu. Watengenezaji wanakataa, na kesi zimejaa katika mahakama za Marekani. Hata hivyo Jumuiya ya Ulaya iliifungia milango mwaka 2007, na Uingereza, ambako wakulima hawaruhusiwi kuipuliza, iliendelea kuitengeneza na kuiuza nje. Ukitaka kujua thamani ya mtu wa nje machoni mwa mfanyabiashara, anza hapo.

Sasa tazama kwetu. Nenda Kwale, Kilifi, Taveta au kando ya Mto Tana msimu wa palizi. Kijana amebeba bomba mgongoni, miguu mitupu, leso imefungwa puani, upepo unavuma kuelekea nyumbani. Dawa aliinunua agroveti, pengine ikiwa imemiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi yoyote. Jioni atajifuta mikono kwa nyasi na kula mkate wake. Juni mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ilitangaza kuziondoa sokoni dawa 77 za kilimo, na hatua hiyo naipongeza. Lakini ni nani aliyeandika yule kijana alipuliza nini, wapi, na kwa miaka mingapi? Akianza kutetemeka mwaka 2050, mjukuu wake naye atakisia.

Mfano wa pili ni wa maji, na huu nautaja kwa ajili ya mjukuu wa ami. Katika kambi ya wanajeshi ya Camp Lejeune, North Carolina, maji ya visima yalichafuka kuanzia miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kilichoingia humo, pamoja na vingine, ni trikloroethilini, kemikali ya kuondolea grisi kwenye vyuma. Haina rangi. Askari waliinywa, wakaioga, wake zao wakaipikia. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalinganisha askari waliokaa hapo kati ya 1975 na 1985 na wenzao waliokaa Camp Pendleton, kambi ya upande wa pili wa nchi ambako maji hayakuchafuka. Watu wa kazi ile ile na umri ule ule. Waliokunywa maji ya Lejeune walikuwa na Parkinson kwa asilimia 70 zaidi.

Ule ulinganisho ndio uliojibu swali. Wangetazama Lejeune peke yake wangeona wazee wanatetemeka, na wazee hutetemeka kila mahali. Sisi tunapenda kuelekeza kidole kwenye kiwanda kilichoko jirani kwa sababu tunakiona. Lakini kama mtaa wa pili usio na kiwanda una wagonjwa idadi ile ile, basi tumekisingizia, na chanzo cha kweli kinaendelea na kazi yake kimya kimya.

Mfano wa tatu utawaudhi baadhi ya wasomaji wangu, hasa akina mama wanaonitumia ujumbe wa tiba kwenye WhatsApp kila alfajiri. Ni wa mstafeli.

Katika kisiwa cha Guadeloupe, Karibiani, madaktari waliona jambo la ajabu miaka ya 1990. Walikuwa na wagonjwa wengi wenye dalili kama za Parkinson, lakini sehemu kubwa yao haikufuata njia ya kawaida. Levodopa haikuwasaidia ipasavyo, walianguka mapema, na akili iliguswa. Walipowauliza wanakula nini, wakakuta kwamba wengi wao walikuwa walaji wa siku nyingi wa matunda ya mstafeli na jamaa zake, na wanywaji wa chai ya majani yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet. Maabara ikaja kuonyesha kwamba ndani ya mstafeli mna kitu kiitwacho anonasini, ambacho kinazinyima seli za ubongo nguvu. Panya walioingiziwa kitu hicho mwilini walipoteza seli zile zile zinazohusika na mwendo.

Na sisi je? Mstafeli uko uani kwa watu wengi Pwani, na tunda lake ni tamu, sikatai. Ila miaka ya karibuni majani yake yamekuwa dawa ya kila kitu: saratani, sukari, presha, kukosa usingizi. Yanauzwa yakiwa makavu, yanasagwa, yanatiwa kwenye vidonge. Mtu anachemsha birika zima na kunywa asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, kwa sababu "ni mti tu, hauna madhara". Guadeloupe nao walikuwa wakinywa mti tu. Ushahidi haujafika mahali pa kusema stafeli moja la msimu litamdhuru mtu, na sitaki kesho muikate miti. Lakini anayekunywa majani hayo kila siku kwa miaka anafanya jaribio juu ya ubongo wake mwenyewe, na anayemuuzia hana budi kumwambia.

Wala si mstafeli peke yake. Wavuvi wazee wanaujua utupa, mmea unaopondwa na kutiwa kwenye vidimbwi vya miamba ili samaki walewe na kuelea. Katika mimea ya jamii hiyo mna rotenoni, na mwaka 2000 wanasayansi walipowapa panya rotenoni kidogo kidogo, panya wakapata ugonjwa unaofanana na Parkinson. Ule utafiti wa wapulizaji niliokwisha kuutaja uliikuta rotenoni katika mkumbo mmoja na parakwati. Na kisiwani Guam, ambako wakati mmoja maradhi ya kupooza na kutetemeka yalijaa kupita kiasi, kidole kilielekezwa kwenye unga wa mbegu za mti wa jamii ya mtapo. Mabishano ya Guam hayajaisha hadi leo. Kwa upande mwingine, upupu, ule ule unaowasha hadi mtu akavua nguo, mbegu zake zina levodopa ya asili. Asije mtu akazichemsha baada ya kusoma hapa: kipimo chake hakijulikani kwa kikombe.

Nimeyaleta haya yote kwa sababu moja. Fresno, Lejeune na Guadeloupe hawakufika kwenye majibu yao kwa kuwa na mashine kubwa kuliko zetu. Walifika kwa sababu kulikuwa na mtu aliyehesabu wagonjwa, akauliza kila mmoja aliishi wapi, alifanya kazi gani, alikunywa nini, kisha akawalinganisha na wengine.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, na kitu kikubwa nilichojifunza chuoni ni kwenda nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali. Kwa hiyo nikisikia kazi hii haiwezekani kwetu, sikubali. Imeshafanywa, tena si mbali. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu wapatao 161,000 na kupata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba huo ni ugonjwa wenye jina na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Hata hapa kwetu, Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwa kikihesabu wakazi wa eneo lake tangu mwaka 2000: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kupitia hesabu hizo kifafa, ambacho bibi zetu walikiita cha mashetani, kilionekana kuhusiana na matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa na vimelea vya minyoo. Mashetani hayakuwa na nafasi katika jedwali. Kama kifafa kiliwezekana, Parkinson inaweza kushindikana vipi?

Tunao pia wahudumu wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchini kote, waliozinduliwa na Rais mwaka 2023 wakapewa mikoba na simu. Wanabisha mlangoni kwangu, wananipima presha, wanaandika. Kaunti zetu sita za Pwani zikitaka, zinaweza kuwaongezea maswali manne. Je, kuna mtu humu anayetetemeka au kutembea kwa kuburura miguu? Alikuwa na kazi gani? Maji yake yanatoka wapi? Kuna mitishamba anayoinywa kila siku? Daktari wa neva akapita baadaye kuwathibitisha, maana si kila kutetemeka ni Parkinson. Madaktari hao ni wachache, nalo ni kweli, lakini hata mmoja akija kwa mwezi mmoja na orodha iko tayari, atafanya mengi.

Wanaosema hesabu haileti haki waikumbuke Owino Uhuru. Kile kitongoji cha Mombasa hakikuhusika na Parkinson. Sumu ya pale ilikuwa madini ya risasi kutoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Lakini kilichowapeleka wakazi hadi Mahakama ya Juu, na mwezi Desemba 2024 wakarudishiwa uamuzi wa fidia ya shilingi bilioni 1.3, si kilio peke yake. Kulikuwa na damu za watoto zilizopimwa na karatasi zenye tarakimu. Bila hizo wangeambiwa warudi nyumbani.

Ami sasa anameza levodopa. Siku ambazo vidonge vipo, hufunga vishikizo vya kanzu mwenyewe. Siku ambazo duka la dawa limeishiwa, mkewe humfungia. Katika hospitali zote mbili alizopita, hakuna aliyemuuliza kazi aliyokuwa akifanya ujanani. Nilimuuliza mimi, baada ya Isha, na sauti yake ilivyo ndogo ikabidi nisogeze sikio.

"Tulikuwa tukipuliza pamba, mwanangu, huko bara ya Mto Tana. Tulikuwa sita. Dawa tukiikoroga kwa mkono."

Nikamuuliza hao wenzake wako wapi.

"Wanne wamekwenda," akasema. "Wawili kati yao walikuwa wakitetemeka kama mimi. Watu walisema wamerogwa na mtu mmoja."

Yawezekana ni sadfa. Watu sita ni wachache mno kumtia mtu hatiani, na ninayemnukuu ni mzee mmoja na kumbukumbu yake. Aliyebaki wa sita yuko Garsen, na nimepata nambari ya simu ya binti yake.